Faili linagoma kushuka: safisha kashe ya kivinjari bila kupoteza nywila, fomu wala bando

Msimu wa matokeo na udahili ukifika, meza yangu ya steshenari hujaa watu wenye shida moja. Barua ya udahili haishuki. Fomu ya mkopo imeshuka lakini haifunguki. Faili limefika asilimia 99 likakwama hapohapo. Karibu wote wameshaambiwa wafute kashe, yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari hujiwekea, wamefuta, na hali ni ileile.

Nimekaa nao mmoja mmoja nikitazama wanavyofuta, na makosa ni yaleyale matatu. Wengine wanafuta historia badala ya kashe. Wengine wanafuta dakika 15 za mwisho wakati uchafu una wiki mbili. Waliobaki wanafuta vizuri kabisa, kisha wanarudi kwenye ukurasa uleule uliokuwa wazi tangu asubuhi na kubofya linki ambayo muda wake umekwisha.

Hatua zilizo hapa chini zinaanza na kidogo kwenda kikubwa. Zifuate kwa mpangilio huo. Wengi hufanikiwa kabla hawajafika mwisho, na ukishapata faili lako huna sababu ya kuendelea kufuta.

## Andaa hivi kwanza

- Nywila ya akaunti unayotumia kwenye tovuti husika, iandikwe kwenye karatasi. Usitegemee kwamba kivinjari kinaikumbuka.
- Laini ya simu uliyojisajili nayo, iwe hewani. Tovuti nyingi zitakutumia namba ya uthibitisho ukitaka kuingia upya. Kama laini hiyo ilipotea, irudishe kwanza.
- Namba ya malipo, namba ya maombi na namba ya mtihani. Piga picha ya skrini kabla hujafuta chochote.
- Bando la kutosha. Ukishafuta kashe, kila ukurasa utapakiwa upya, pamoja na picha zake zote, kwa hiyo mara ya kwanza utakula MB nyingi kuliko kawaida. Kwa sababu hiyohiyo sikushauri ufute kashe kila siku, kwa sababu kashe ndiyo inayokuokolea bando.
- Nafasi kwenye kifaa, angalau mara mbili ya ukubwa wa faili unalotaka.

Kama uko katikati ya kujaza fomu mtandaoni, bonyeza kwanza kitufe cha kuhifadhi. Kama fomu haina kitufe hicho, imalize na uitume ndipo urudi hapa. Kufuta vidakuzi (kumbukumbu ndogo zinazoiambia tovuti kwamba umeshaingia) katikati ya fomu kunakutoa kwenye akaunti, na ulichoandika kinaweza kupotea chote.

## Hatua ya 1: Soma faili linasemaje

Fungua orodha ya vilivyopakuliwa. Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza Ctrl+J, iwe Chrome, Edge au Firefox. Kwenye simu gusa vidoti vitatu kisha alama ya mshale unaoelekea chini. Tazama maneno yaliyo chini ya jina la faili, kwa sababu si kila ugonjwa unatibiwa na kashe.

Ikitajwa nafasi au diski kujaa, shida ni hifadhi. Ikitajwa mtandao, jaribu kwanza kuhama kutoka Wi-Fi kwenda data au kinyume chake. Kikitajwa kirusi, ni antivirusi au ulinzi wa kivinjari umelizuia, na usilazimishe mpaka uwe na hakika na tovuti yenyewe. Ikiwa imeandikwa Forbidden, au kwamba unahitaji idhini, hapo kashe na vidakuzi ni washukiwa wa kwanza. Ndivyo ilivyo pia faili linapodai limekamilika lakini likagoma kufunguka, au kitufe cha kupakua kinapobonyezwa na kisitokee chochote.

Umefanikiwa ukiweza kutaja kwa sentensi moja faili lako limekwama wapi.

## Hatua ya 2: Kagua saa na hifadhi

Hii ni dakika moja tu. Tazama tarehe na saa ya kifaa. Kompyuta ya zamani ambayo betri ndogo ya ubao mkuu imekufa hurudi miaka kadhaa nyuma kila umeme unapokatika, na tovuti salama zinakataa kuzungumza nayo kwa sababu vyeti vyao vinaonekana havijaanza kutumika. Weka saa ijirekebishe yenyewe kutoka mtandaoni.

Kisha tazama faili linahifadhiwa wapi. Kama umeelekeza kwenye flashi au memori kadi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, faili moja linalofika GB 4 halitakaa humo hata kama kadi ina nafasi ya GB 60. Kwenye iPhone faili linaweza kuelekezwa iCloud Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ambako nafasi ya bure ni GB 5 tu. Ikijaa, badilisha kwenye setingi za Safari, sehemu ya vilivyopakuliwa, ihifadhi kwenye simu yenyewe.

## Hatua ya 3: Pima kwa dirisha la hali fiche

Watu wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo ingewaokolea muda. Fungua dirisha la hali fiche (kwa Kiingereza Incognito au Private): Ctrl+Shift+N kwenye Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Kwenye simu gusa vidoti vitatu uchague dirisha au kichupo kipya cha hali fiche. Andika anwani ya tovuti upya, ingia kwenye akaunti yako, jaribu kupakua.

Dirisha hili huanza likiwa tupu. Halitumii vidakuzi vyako vya zamani wala kashe yako ya kila siku, na kwenye Chrome viongezi (programu ndogo za nyongeza za kivinjari) vingi huwa vimezimwa humo.

Faili likishuka vizuri, umepata majibu mawili kwa mpigo: tovuti ni nzima, na tatizo liko ndani ya kivinjari chako. Faili ulilopakua litabaki kwenye kifaa hata ukifunga dirisha hilo. Kama ulihitaji faili hilo moja tu, lichukue uende zako.

Likigoma hata humo, kuna uwezekano mkubwa kwamba shida ni mtandao, hifadhi au tovuti yenyewe. Unaweza kuendelea na hatua zinazofuata, lakini usiweke matumaini yote kwenye kashe.

## Hatua ya 4: Ondoa vipande vilivyokatika

Kufuta kashe hakuondoi faili lililokatika njiani. Kipande hicho hakikai kwenye kashe, kinakaa kwenye folda yako ya Downloads, na kinaweza kuwa kimekula nafasi kubwa.

Kwenye Chrome na Edge tafuta mafaili yanayoishia na .crdownload. Kwenye Firefox yanaishia na .part. Hakikisha hakuna upakuaji unaoendelea, kisha yafute yote. Kwenye orodha ya vilivyopakuliwa, ghairi vilivyosimama.

Kabla ya kufuta kipande kikubwa, jaribu mara moja kitufe cha kuendelea. Kama seva ya tovuti inaruhusu, upakuaji utaanzia ulipoishia na utakuwa umeokoa bando. Ukigoma mara mbili, ufute. Linki nyingi za nyaraka binafsi hutolewa kwa muda maalumu, na muda ukipita kile kipande hakiwezi tena kumaliziwa.

Umefanikiwa folda ikiwa haina .crdownload wala .part hata moja.

## Hatua ya 5: Futa kashe, na kashe peke yake

Shika tofauti hizi tatu kabla hujagusa kitufe. Historia ni orodha ya kurasa ulizotembelea, na kuifuta hakusaidii kupakua. Kashe ni picha na vipande vya kurasa ambavyo kivinjari kimeviweka karibu ili ukirudi ukurasa ufunguke haraka. Vidakuzi ni kumbukumbu ndogo zinazoiambia tovuti kwamba wewe ndiye uliyeingia dakika chache zilizopita.

Kashe inaharibu upakuaji pale kivinjari kinapokuonyesha ukurasa wa zamani kiliouhifadhi, wenye linki ya zamani, wakati tovuti imeshahamisha faili. Unabofya, unapelekwa mahali ambapo faili halipo tena. Ndiyo maana tunaanza nayo. Hata ukikosea, unachopoteza ni kasi ya siku moja.

### Chrome kwenye simu ya Android

Gusa vidoti vitatu juu, kisha sehemu ya kufuta data ya kuvinjari. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kidirisha kinachotokea kwanza kinaweza kuwa kimechagua dakika 15 za mwisho tu, tena kikiwa kimejumlisha historia na vidakuzi. Usikubali haraka. Gusa chaguo zaidi, kisha:

1. Kwenye kipindi, chagua muda wote.
2. Ondoa alama kwenye historia.
3. Ondoa alama kwenye vidakuzi.
4. Ondoa alama kwenye nywila na data ya kujaza fomu, kama zimewekwa.
5. Acha alama moja tu, kwenye picha na faili za kashe. Simu ikiwa kwa Kiingereza utaona Cached images and files.
6. Gusa futa.

Ukipitia njia nyingine, yaani setingi za simu, programu, Chrome, hifadhi, utakuta vitufe viwili vinavyokaa jirani. Kimoja kinafuta kashe. Kingine kinafuta data yote ya programu, na hicho usikiguse: kinarudisha Chrome kama ilivyokuwa siku ya kwanza, na ambavyo havikuwa vimeunganishwa na akaunti yako ya Google vinakwenda navyo. Nimewaona wanafunzi wakilia kwa kugusa kitufe hicho usiku wa mwisho wa maombi.

### Chrome na Edge kwenye kompyuta

Bonyeza Ctrl+Shift+Delete kwa pamoja, au Command+Shift+Delete kwenye Mac. Badilisha kipindi kiwe muda wote, kwa sababu mara nyingi kinakuja kikiwa saa moja. Acha alama kwenye kashe pekee. Futa, na usubiri kidirisha kifungike chenyewe. Kompyuta yenye diski ya zamani inaweza kuchukua dakika nzima.

### Firefox

Vitufe ni vilevile. Chagua kila kitu kwenye kipindi, weka alama kwenye kashe tu.

### Safari kwenye iPhone

Hapa pana mtego. Kitufe cha kufuta kilichoko kwenye setingi za Safari kinaondoa historia, vidakuzi na kashe kwa pamoja. Ukitaka kuepuka hilo, ingia setingi za Safari, shuka hadi sehemu iliyoandikwa Advanced, kisha data ya tovuti, utafute jina la tovuti yenye shida na uifute hiyo peke yake.

### Opera Mini na Phoenix

Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zinakuja na kivinjari cha Phoenix, na Opera Mini ina watu wake kwa sababu inabana data. Vyote viwili vina sehemu ya kufuta data ndani ya setingi zao. Kanuni ni ileile, kashe peke yake. Lakini kwenye Opera Mini zima kwanza kiokoa data, kisha ujaribu tena. Kikiwa kimewashwa, kurasa zinapitia kwenye seva za Opera ili zibanwe, na baadhi ya tovuti zenye kuingia kwa akaunti hazifanyi kazi vizuri katika njia hiyo. Mara nyingi hilo pekee linatosha.

Umefanikiwa ukirudi kwenye tovuti na kuona inachelewa kidogo kufunguka kuliko jana. Inafunguka polepole kwa sababu inapakia kila kitu upya.

## Hatua ya 6: Funga kivinjari na uanze mlango wa mbele

Funga kivinjari kabisa. Kwenye simu kitoe kwenye orodha ya programu zilizo wazi. Kwenye kompyuta funga madirisha yote.

Kifungue tena, na uandike anwani ya tovuti kwa mkono. Usirudi kwa kitufe cha nyuma, usifungue alamisho ya ukurasa wa ndani, usibofye linki uliyotumiwa WhatsApp juzi. Ingia kwenye akaunti, pita menyu moja baada ya nyingine hadi kwenye faili. Safari hiyo ndiyo inayotengeneza linki mpya yenye muda mpya.

Kwenye kompyuta, ukiwa kwenye ukurasa wenye kitufe cha kupakua, bonyeza Ctrl+F5 mara moja ili ukurasa uchukuliwe wote kutoka kwenye tovuti.

Bonyeza kitufe cha kupakua mara moja, subiri. Anayebonyeza mara 10 kwa hasira anaweza kujikuta kivinjari kinamuuliza kama tovuti iruhusiwe kupakua mafaili mengi. Akijibu zuia, tovuti hiyo inabaki imezuiwa hata baada ya kufuta kashe. Ikikutokea, gusa alama iliyo kushoto kwa anwani, fungua setingi za tovuti, urudishe ruhusa zake kama zilivyokuwa mwanzo.

## Hatua ya 7: Futa vidakuzi vya tovuti hiyo tu

Fika hapa kama hatua ya 6 imegoma. Fika hapa moja kwa moja kama tovuti inakuambia kwamba ombi au kidakuzi ni kikubwa mno, kosa namba 400, au kama inakurudisha kwenye ukurasa wa kuingia kila unapobofya pakua.

Usifute vidakuzi vyote. Ukivifuta vyote utatolewa kwenye tovuti nyingi ulizoingia. Kwenye Chrome fungua tovuti husika, gusa alama iliyo kushoto kwa anwani (kufuli, au vijistari viwili vyenye vidoti), ingia kwenye vidakuzi au setingi za tovuti, ufute data ya tovuti hiyo. Funga kivinjari, fungua, ingia upya kwa nywila uliyoandika kwenye karatasi.

Kama ni kompyuta ya steshenari au ya ofisi, muulize mwenyewe kwanza. Anaweza kuwa na mteja mwingine aliyeacha fomu nusu.

Umefanikiwa tovuti ikikuomba nywila kama mgeni, na baada ya kuingia faili likaanza kushuka.

## Hatua ya 8: Hakikisha ulichopakua ndicho ulichokitaka

Mwaka jana alikuja mama mmoja na flashi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niprintie barua ya kijana wangu, anaripoti chuo Jumatatu. Kule nilikotoka wamesema imeharibika."

Kwenye flashi kulikuwa na faili la PDF lenye jina sahihi kabisa. Ukubwa wake ulikuwa KB 4. Barua ya kurasa sita yenye nembo na mihuri haiwezi kuwa KB 4. Nililifungua kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows, na mstari wa kwanza ulisomeka `<!DOCTYPE html>`. Chini yake, katikati ya alama nyingi, palikuwa na maneno ya kumtaka mtu aingize jina na nywila. Kijana alikuwa amepakua ukurasa wa kuingia uliovalishwa jina la barua. Muda wake wa kuwa ndani ya akaunti ulikuwa umekwisha, kivinjari kikaendelea kubeba kidakuzi kilichokufa, tovuti ikampa ukurasa wa kuingia badala ya barua. Tulimpigia simu, akafuta vidakuzi vya tovuti ile, akaingia upya. Faili lililokuja lilikuwa KB 812, na mama akaondoka na barua yake.

Kwa hiyo kila faili lipime hivi:

- Linganisha ukubwa na ule uliotajwa kwenye tovuti. Kama haukutajwa, tumia akili: waraka wa kurasa nyingi wenye KB 2 au 5 una walakini.
- PDF isiyofunguka, ifungue kwa Notepad. PDF ya kweli huanza na alama `%PDF`. Ikianza na `<!DOCTYPE` au `<html`, umepakua ukurasa wa tovuti, rudi hatua ya 7.
- Ikifunguka, shuka hadi ukurasa wa mwisho. Faili lililokatika linaweza kuonyesha kurasa za mwanzo na kuacha nyeupe zinazofuata.
- Faili la ZIP lifungue lote, usitazame orodha tu.

Usijaribu kutengeneza faili bovu kwa kubadilisha jina lake au kulipitisha kwenye tovuti za kukarabati PDF. Barua yako ina jina, namba na picha yako, na hujui tovuti hizo zinazipeleka wapi. Lipakue upya.

## Bado linagoma

Jaribu kivinjari kingine kwenye kifaa hichohicho, kisha kifaa kingine kwenye mtandao mwingine. Likigoma kote, tatizo liko kwa wenye tovuti, na siku ya mwisho ya maombi seva huelemewa. Jaribu alfajiri, saa 10 hadi saa 12, watu wakiwa wamelala.

Ukiwaandikia wahusika, usiandike tu kwamba "haifunguki". Watumie anwani ya ukurasa, saa na tarehe uliyojaribu, jina la kivinjari na toleo lake, picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa, ukubwa wa faili ulilopata, na utaje kwamba umeshajaribu hali fiche, kufuta kashe na kuingia upya. Namba ya maombi iandike. Nywila usimpe mtu, hata akisema ni wa huduma kwa wateja.